Chozi wa Amani yuko Sokoke: msitu upi kwa matembezi mepesi na ndege?

Kuna ndege mdogo anaitwa chozi wa Amani. Jina amelipata kwenye msitu wa Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga. Ukitaka kumwona bila kuhangaika sana, nenda Kenya. Yupo pia bundi mmoja mdogo, bundi wa Sokoke, mwenye jina la msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, naye anaishi vilevile kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, upande wetu wa Tanzania. Misitu hii miwili imeazimana ndege kama majirani wanavyoazimana sufuria. Ndiyo maana mtu akiniuliza aende upi, siwezi kumjibu kwa orodha ya ndege. Namuuliza kwanza: unakwenda na nani, na magoti yake yakoje?

Mimi ni mtu wa Tanga, na Tanga imekaa pazuri kwa swali hili. Kusini-magharibi, kama kilomita 40, ni Muheza, na kutoka Muheza unapanda Amani. Kaskazini ni Horohoro, unavuka mpaka, unapita Mombasa, na kama kilomita 110 mbele yake uko Gede, mlangoni mwa Arabuko-Sokoke. Amani nimekwenda mara nisizozihesabu. Sokoke nimekwenda mara tatu, na safari moja nilikuwa na shangazi yangu, mwenye miaka sabini na ushei na goti la kulia linalotabiri mvua. Mengi nitakayosema hapa nimeyapima kwa goti hilo.

Kabla hujauliza: Jozani kule Unguja ni pazuri, kima punju utawaona karibu mno, lakini mabasi ya watalii hayakatiki. Karura ya Nairobi ina njia tambarare na nzuri kwa miguu, ila Jumapili ni kama uko Uhuru Park. Magamba, juu ya Lushoto, inapendeza na ina baridi ya kweli, lakini ni ya mtu mwenye pumzi. Anayetaka msitu mkimya, mwendo mwepesi na ndege ambao hawapo kwingine, mimi namwekea hii miwili mezani.

Miguu kwanza

Arabuko-Sokoke ni tambarare. Ni msitu wa pwani, kama kilomita za mraba 420, na ndio kipande kikubwa kuliko vyote vya msitu wa asili wa pwani kilichobaki kikiwa kimeshikana Afrika Mashariki. Ndani kuna barabara za gari za mchanga, pana na nyoofu, na ukitembea katikati yake huhitaji kuangalia unapokanyaga kila hatua. Mtu mwenye goti bovu anatembea saa mbili bila kulalamika. Adui wako ni mchanga wenyewe. Kwenye sehemu za mirihi, miti ya jamii ya miombo, ni mweupe na laini, unazama kidogo kila hatua, na kilomita tatu za mchanga huo zinachosha kama tano za udongo mgumu. Adui wa pili ni jua. Saa nne asubuhi limeshakuwa kali, na mirihi haina kivuli kizito.

Amani ni mlima. Lango la Sigi liko kama mita 450 juu ya usawa wa bahari, na Amani penyewe, kwenye majengo ya zamani, ni takriban mita 900. Kati ya hapo barabara inapanda kona baada ya kona. Vijia vya msituni vinapanda na kushuka, vina mizizi, vina majani yaliyolowa, na baada ya mvua udongo wake mwekundu unateleza kama sabuni. Mtu akikuambia Amani ni matembezi mepesi, muulize alipita njia gani.

Lakini ipo siri ambayo wageni wengi huikosa kwa sababu wanadhani kutembea msituni lazima uingie kwenye kijia. Ukishafika juu, achana na vijia. Tembea barabarani. Barabara ya vumbi inayotoka Amani kuelekea Kwamkoro inapita kwenye msitu mkubwa kisha inatokea kwenye mashamba ya chai, mteremko wake ni wa kawaida, na magari ni ya kuhesabu. Bustani ya mimea nayo ina barabara zake za zamani zilizotengenezwa kwa mtu anayetembea akifikiri. Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 pamoja na taasisi yao ya utafiti wa kilimo, wakaleta miti kutoka kila bara, wakapanda kamfa, wakapanda mikwinini ya kutengenezea dawa ya malaria, na mingi ya miti hiyo imesimama mpaka leo, mingine imekuwa mikubwa kuliko nyumba zao. Shangazi yangu Amani alitembea hapo tu, bustanini na barabarani, siku mbili, na hakuona kama amekosa kitu. Kilima cha Mbomole, chenye mandhari ya kuangalia mbali, nilikwenda peke yangu alfajiri yeye akinywa chai.

Kwa hiyo kwa miguu, Sokoke inashinda. Ila ushindi wake si mkubwa kama ramani inavyoonyesha.

Ndege, na namna ya kuwaona

Hapa ndipo watu hukosea kuchagua. Wanahesabu aina. Kote kuwili aina ni nyingi kuliko utakazoziona kwa siku tatu, hivyo hesabu haikusaidii. Cha kuuliza ni ndege wanakaa urefu gani, na utawaona vipi.

Miti ya Amani ni mirefu sana. Kuna inayozidi mita 40, na nusu ya ndege wanaishi juu kabisa, mahali ambapo kutoka chini unaona tumbo na mkia tu. Kingine, ndege wa msitu wa mlimani hutembea kwa makundi mchanganyiko: mnasimama dakika arobaini hakuna kitu, kisha ghafla mti mmoja unajaa, huyu anakula wadudu kwenye magome, yule kwenye majani, yule anadaka wanaorushwa na wenzake, na baada ya dakika tano wameshahama wote. Asiyejua hilo anasema msitu hauna ndege. Anayejua anatafuta mahali penye uwazi, anakaa, anasubiri. Kwa sababu hiyo barabara ya chai ni bora kuliko kijia: unaona ukingo wa msitu kwa usawa wa macho, na shingo inabaki salama.

Na ukingo huo ndio nyumba ya ndege wa thamani kuliko wote wa Amani. Ni ndege mshonaji mwenye mdomo mrefu, mdogo, wa kijivu, ambaye ukipita haraka utadhani ni chiriku tu wa vichakani. Anakaa kwenye vichaka vilivyosukwa na mitambaazi, pembezoni mwa msitu na njia. Dunia nzima anajulikana sehemu mbili tu, Usambara Mashariki na upande wa kaskazini wa Msumbiji. Jina lake la kisayansi ni la Reginald Moreau, Mwingereza aliyeishi Amani kuanzia 1928 hadi 1946, akahesabu mayai, akapima viota, na akageuka kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa ndege wa Afrika ingawa kazi aliyojifunza kwanza ilikuwa ukaguzi wa hesabu. Ndege wake huyo humwoni kwanza, unamsikia. Kisha unasubiri kichaka kitikisike.

Nikipewa asubuhi moja tu Amani, sitaitumia yote kwa mshonaji. Kuna kitu kimoja kule kisichohitaji darubini wala subira. Tulikuwa kwenye kona ya mwisho kabla ya chai, ukungu bado umelala, shangazi ameshika fimbo. Tukasikia mtu anapumua kwa nguvu juu yetu, kama mgonjwa wa pumu anayepanda ngazi, kisha wa pili, kisha wengi. Shangazi akasimama. "Mwanangu, nini hicho?" Ukungu ukapasuka wakatokea hondohondo, wale wakubwa weusi wenye pembe nyeupe juu ya mdomo, wawili wawili, kila pigo la bawa likitoa sauti ile ya pumzi. Walipita kumi na wanne. Shangazi aliwahesabu kwa sauti, kama anahesabu wajukuu wanaoingia ndani magharibi.

Juu ya hao utapata shorobo wa Fischer mwenye kilemba chekundu, na akiruka mabawa yake yanawaka damu. Kurumbiza mwenye kichwa cha kijani. Kwenzi wa Kenrick, mweusi, anayezurura kwa makundi juu ya miti. Zuakulu wa kijani anayerudia neno lake moja kutwa nzima hadi unamzoea kama saa ya ukutani.

Sokoke ni hadithi nyingine. Msitu huu kwa kweli ni misitu mitatu iliyopangwa kando kwa kando, na udongo ndio unaoigawa. Karibu na barabara kuu kuna msitu mchanganyiko, wenye mibambakofi na miti mingine mingi. Katikati, kwenye mchanga mweupe, ni mirihi, miti iliyoachana, jua linaingia. Ndani zaidi, kwenye udongo mwekundu, ni kichaka kizito kisichopitika kirahisi, cha miti mifupi inayosongamana. Kila sehemu ina ndege wake. Ukitembea kilomita chache na gari likikusogeza kati ya sehemu na sehemu, umeshaona wakazi wa mitaa mitatu kabla ya saa nne.

Chozi wa Amani anakaa mirihini, juu, akitafuta wadudu na maua. Mirihi si mirefu kama miti ya Usambara na haina majani mazito, kwa hiyo unamwona: kichwa cheusi-kijani, tumbo jeupe. Huko huko mirihini yuko mnana wa Clarke, ambaye haishi popote duniani nje ya eneo hili la Kilifi. Kwa miaka mingi hakuna mtaalamu aliyejua anazalia wapi. Mwaka 2013 ndipo viota vyake vilipopatikana, kwenye kinamasi cha Dakatcha, ng'ambo ya mto Sabaki.

Na bundi. Bundi wa Sokoke hafikii urefu wa sentimita 20. Sayansi ilimtambua mwaka 1966 tu, ingawa watu wa Kilifi walikuwa wanamsikia tangu enzi. Mchana analala kwenye kile kichaka cha udongo mwekundu, na bila mwongozaji huna habari naye. Mwongozaji wetu, kijana wa Kigiriama, alituacha barabarani akaingia peke yake. Dakika ishirini. Akarudi bila kusema neno, akatuita kwa kidole. Tuliinama hatua kama thelathini, miiba ikishika mitandio. Akaonyesha. Shangazi akainua macho juu.

"Mama, usitafute bundi," kijana akamnong'oneza. "Tafuta majani makavu mawili yamekaa pamoja kama yanasengenya."

Yalikuwa usawa wa kifua, mita nne kutoka tulipo. Mmoja rangi ya kutu, mwingine kijivu, mabega yamegusana, macho yamefungwa ila kwa mstari mwembamba kama wa paka. Shangazi yangu ni mtu ambaye bundi akilia juu ya paa lake hutoka nje na chumvi. Aliweka mkono mdomoni. "Kumbe huyu mwenyewe ni mdogo hivi," akasema, "na sisi tunamwogopa."

Usije ukamwomba mwongozaji apige sauti ya bundi kwenye simu ili ageuze kichwa. Ndege anayeamshwa mchana kila siku na kila mgeni huishia kuhama tawi, kisha kuhama msitu. Waongozaji wazuri wanakataa, na ukiona wako amekubali haraka, mwambie aache.

Kuna mnyama mmoja pia lazima nimtaje, maana yeye ndiye anayewachekesha watoto: sange mwenye makalio ya dhahabu. Ukubwa wa sungura mdogo, pua ndefu kama mkonga, miguu myembamba, na nyuma kana kwamba amekalia rangi mbichi. Hutamtafuta, utamsikia anavuruga majani makavu, kisha mwale wa njano unakatiza njia. Karibu wote waliobaki duniani wako kwenye msitu huu.

Kwa mtu anayeanza, Sokoke inatoa zaidi kwa asubuhi moja. Kwa anayependa kukaa kitako na msitu, Amani ina kina ambacho Sokoke haina.

Kimya

Hapa Amani haina mshindani. Usiku unasikia vyura, bundi, na wakati mwingine pimbi wa miti akipiga ukelele kama mtu anayenyongwa. Mwambie mapema unayelala naye chumba kimoja, mimi sikusema na nikalala nimeshikwa mkono. Mchana ni maji, ndege na panga la mbali. Siku ya kazi unaweza kutembea barabara ya Kwamkoro asubuhi nzima ukakutana na mwanafunzi mmoja, mama mwenye mzigo wa kuni, na pikipiki iliyobeba iliki.

Sokoke imepakana na barabara kuu ya Mombasa–Malindi. Pale kituo cha msitu cha Gede, hatua za kwanza unatembea na honi za matatu mgongoni. Baada ya kilomita moja zinakwisha, na ndani kabisa ni kimya cha joto, kile kinachovuma masikioni. Lakini humo ndani hutembei unavyotaka. Msitu una ndovu, umezungushiwa uzio wa umeme ili wasitoke kwenda mashambani, na asiyejua njia anaweza kukutana nao kwenye kona. Mwongozaji si mapambo. Amani hakuna wanyama wakubwa wa hatari, na ukibaki barabarani unaweza kutembea peke yako na mawazo yako. Kwa wengine hicho ndicho kimya kinachotafutwa.

Kinachouzwa pamoja na msitu

Kitu kinachoipa Sokoke uzito ni majirani zake. Ndani ya kilomita chache una magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17, sasa kuta zake zimekumbatiwa na mibuyu na mifikusi. UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024. Njia zake ni tambarare na zina kivuli, na miezi ya baridi ya katikati ya mwaka unaweza kumkuta kuruwiji wa ardhini mwenye madoa kifuani akichakura majani kati ya kuta. Hapo hapo mlangoni uko mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993: wakulima wanaoishi kando ya msitu wanafuga viwavi vya vipepeo na kuuza pupa, yaani viwavi vilivyojifungia kabla ya kugeuka vipepeo, nje ya nchi, hivyo msitu ukisimama wanakula. Watoto wanakwama hapo.

Kisha Mida. Hori la Mida liko ng'ambo ya barabara kuu, na jamii ya pale imejenga daraja la mbao linaloning'inia kupita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Linayumba kidogo, shangazi alishika kamba pande zote mbili akasoma alichosoma, akavuka. Cha muhimu ni saa ya maji. Maji yakiwa yamekupwa kabisa, ndege wako mbali huko, vitone. Fika yanapoanza kujaa: tope linapungua, ndege wanasukumwa kuja upande wako, mpaka unawaona bila darubini. Kuanzia Oktoba hadi Machi hori linajaa wageni wa kutoka kaskazini ya dunia, na kati yao wapo wale weupe na weusi wenye mdomo mnene mweusi kama wa kuvunjia karanga, wanaokula kaa. Uliza wavuvi bamvua ni lini. Wakati huo maji yanakwenda mbali na kurudi kwa kasi, na ndege hawana pa kukaa ila karibu yako.

Amani inauza vitu vyake kwa sauti ya chini. Dudumizi hutamsikia kila siku, lakini viungo utavinusa: iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, vyote mashambani kwa watu, na ukiuliza kwa adabu utaonyeshwa. Kwenye mawe yenye kivuli karibu na maji, hasa pande za Sigi, yanaota yale maua madogo ya zambarau ambayo Wazungu wanayapanda kwenye vikopo madirishani. Asili ya maua hayo ni milima yetu. Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyatuma Ulaya mwaka 1892, na leo yako kwenye masoko ya dunia nzima. Shangazi anayo barazani, kanunua Tanga mjini. Alipoyaona yanaota bure kwenye jiwe alinyamaza muda mrefu. Pale Sigi angalia pia nyumba ya stesheni ya Wajerumani. Tawi dogo la reli lilikuwa likipanda hapo kutoka Tengeni kuchukua mbao. Reli imekwenda, nyumba imebaki na ndiyo inayopokea wageni.

Kufika, kulala, kulipa

Gede ni rahisi. Matatu yoyote ya Mombasa kwenda Malindi inakushusha, tuktuk inakumalizia, na Watamu iliyo karibu ina vyumba vya kila bei. Kwa Mtanzania andaa pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na usipange kuvuka mpaka na kuwa msituni siku hiyo hiyo. Ndege hawakusubiri saa sita.

Amani unalala msituni, na machaguo ni machache: nyumba za wageni za hifadhi na kambi chache. Agiza chakula mapema, maana jikoni hupikwa kwa waliotoa taarifa. Kutoka Muheza barabara ni kama kilomita 35, na sehemu kubwa ni ya vumbi. Kiangazi gari dogo linafika kwa upole. Mvua ikinyesha, chukua gari linalovuta kwa magurudumu yote manne au uahirishe. Mimi niliwahi kubisha, nikachukua bodaboda Muheza mwezi wa nne. Juu ya Sigi tuliisukuma zaidi ya tulivyoipanda, na dereva hakuwa na maneno mengi nami tulipofika. Magari ya abiria yapo lakini ni ya kubahatisha, na yakiondoka asubuhi yameondoka. Nunua machungwa Muheza kabla ya kupanda. Hayo si maelekezo ya safari, ni sheria.

Kote kuwili raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, basi beba kitambulisho. Malipo ya serikali pande zote yanapita kwenye simu, kwa hiyo hakikisha laini ina fedha ukiwa bado mjini. Amani mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Ada ya mwongozaji ni yake peke yake, mbali na kiingilio. Mlipe vizuri. Kijana yule aliingia kwenye miiba dakika ishirini ili sisi tuingie hatua thelathini.

Nani aende wapi, na lini

Mzee, mtoto mdogo, au mtu ambaye hajawahi kushika darubini: Sokoke, ukiigawa na Gede na Mida, siku tatu. Lala Watamu, ingia msituni saa kumi na mbili asubuhi, toka saa nne, pumzika, nenda Mida maji yanapojaa. Oktoba hadi Machi ndiyo bora kwa ajili ya Mida, ila joto la Januari na Februari si la mchezo.

Aliyechoka na watu, anayeandika, wachumba wanaopenda kunyamaza pamoja, na yeyote anayeishi Dar es Salaam au Tanga na hana hamu ya mpaka: Amani, usiku tatu kwa uchache, kwa sababu wa kwanza utanyeshewa. Huko mvua haina msimu kamili. Hata Agosti inakuja. Masika, Machi hadi Mei, kaa nyumbani. Juni hadi Septemba kuna baridi na ukungu, beba sweta, na ukungu ukichelewa kuondoka anza matembezi saa mbili badala ya alfajiri. Septemba na Januari mimi ndiyo miezi yangu.

Mwenye orodha, yule anayeweka tiki, itabidi aende kote. Mshonaji hatampata Kilifi, na mnana wa Clarke hatampata Muheza. Huyo nampa ushauri mmoja: aanze Sokoke. Macho yakishazoea ndege wadogo kwenye mirihi iliyo wazi, ndipo yapandishwe Usambara kwenye miti mirefu. Mimi nilianza kinyume, nikashinda siku mbili nimeinua shingo chini ya miti ya Amani nikimtafuta chozi, na nilipokwenda Kilifi mwaka uliofuata, yule kijana alinyoosha kidole kwenye mrihi wa kwanza kabla sijatoa darubini kwenye mkoba.